Maua yamejaa uani, vipepeo hawaji

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kiwanja cha kawaida hapa Soweto, Moshi. Nimepanda bogonvilia za rangi tatu, mawaridi, hibiskasi, na ukoka umetandaa vizuri. Nilitaka ndege na vipepeo waje, watoto wawaone, lakini wanaokuja ni kunguru tu. Kuna wadudu walikuwa wanamaliza majani ya mlimau, nikamwita fundi wa bustani akapuliza dawa. Sasa anapuliza kila baada ya wiki mbili. Ananiambia ipo dawa nyingine ya kuvuta vipepeo, chupa elfu kumi na tano. Ninunue? Au niongeze maua gani? (Mama Glory)

JIBU: Mama Glory, usinunue. Hakuna dawa ya kuvuta vipepeo, na anayekuuzia chupa ya namna hiyo anakuibia mchana kweupe. Kabla hujaongeza ua hata moja, mwambie fundi wako asirudi na lile bomba.

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza yuko kama wewe: anatamani vipepeo, na huku analipa mtu awaulie viwavi. Hao "wadudu" wa kwenye mlimau, kwa jinsi ninavyowajua, ni watoto wa kipepeo. Ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano yaliyofifia, jina lake la kitaalamu Papilio demodocus. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya mlimau, mchungwa au mndimu. Kiwavi anapoanguliwa ni mdogo, wa kahawia iliyokolea na mabaka meupe, ukimwona haraka utasema ni kinyesi cha ndege, na ndivyo anavyosalimika. Akikua anageuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na utasikia harufu kali. Haumi wala hawashi. Waite watoto waone, kwa maana hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta, na kilikuwa tayari uani kwako.

Mlimau mkubwa haufi kwa sababu ya viwavi hao, utatoa majani mengine. Mche mchanga ndio unaoweza kubaki vijiti vitupu. Hapo waokote kwa mkono, wahamishie kwenye mti mkubwa. Kazi ya dakika tano.

Kinachonichosha ni imani hii kwamba maua mazuri yakishapandwa, viumbe watakuja wenyewe. Kipepeo hufyonza ua, ni kweli, lakini hatagi mayai kwa kufuata uzuri wa ua. Anatafuta jani ambalo mtoto wake ataweza kulila, na kila aina ina mimea yake. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe, mmojawapo ni Gomphocarpus, unaoota kando ya njia na mashamba, wenye matunda yaliyojaa hewa na vinyweleo juu yake. (Utomvu huo una sumu, upande mbali na mbuzi na mikono ya watoto wadogo.) Basi bustani ya vipepeo lazima iwe na majani yaliyotobolewa. Usipoweza kuvumilia jani lenye tundu, panda bogonvilia zako ufurahie rangi, ila usiwasubiri wageni.

Chozi, yule ndege mdogo wa mauani, naye hana tofauti. Kila mtu anajua anafyonza nekta kwa ule mdomo wake uliopinda, lakini makinda yake hulishwa wadudu na buibui, na kiota chake kinachoning'inia hushikizwa kwa nyuzi za utando wa buibui. Uwanja unaopulizwa kila wiki mbili hauna cha kulisha kinda wala cha kujengea kiota.

Haya, maua. Kinachong'aa kwenye bogonvilia si petali, ni majani yenye rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati, na chozi hapati mengi humo. Mawaridi yaliyojaa petali yamepoteza sehemu kubwa ya stameni, yaani viungo vya ua vinavyobeba chavua, kwa hiyo nyuki hatoki na chavua ya maana. Usiving'oe, ila ongeza mshubiri wa porini wenye maua mekundu au ya chungwa, na leonotis, ule wenye mafundo ya maua ya chungwa yaliyopangana juu ya shina. Nafasi ikiruhusu, weka mringaringa mmoja, nyuki wanayapenda mno maua yake meupe. Panda masika yakishakolea. Vuli ya kwetu ni fupi, na mche wa Novemba utakudai maji Januari na Februari yote. Kwenye kitalu watakushawishi uchukue lantana kwa kuwa vipepeo wanaifuata. Wanaifuata kweli, lakini ikatae. Ni mmea wa kuja kutoka Amerika, ndege husambaza mbegu zake hadi misituni na malishoni, nao ni sumu kwa ng'ombe.

Jambo lingine, acha kona moja bila kufagiwa. Najua uwanja uliofagiwa alfajiri ni heshima ya nyumba, lakini majani makavu mnayochoma ndiyo makazi ya wadudu ambao ndege huja kuwafukua. Nenda leo Kibosho au Old Moshi, huko mlimani, uangalie kihamba, yaani shamba la Wachagga la kuzunguka nyumba, kilichotunzwa: juu mfuruanje na mringaringa, chini yake migomba, chini zaidi kahawa, na ardhini majani yanayooza. Waliokipanda walitaka chakula na kivuli. Ndege walikuja kwa sababu kila ngazi ina kitu cha kula.

Sasa nirudi kwenye bomba, maana si la kwako tu. Ukimkataza fundi, atakuambia atatumia "dawa ya asili", mwarobaini au pareto. Pareto ni ua, lakini sumu yake huua nyuki kama inavyoua kiwavi, na dawa nyingi za dukani zimetengenezwa kwa kuiga sumu hiyohiyo. Nyingine, kama imidakloprid, huingia ndani ya mmea mzima hadi kwenye nekta na chavua. Umoja wa Ulaya uliizuia kutumika mashambani nje ya nyumba za kioo mwaka 2018. Huku kwetu mtu anapimiwa dawa kwenye chupa ya soda, bila lebo, anachanganya kwa kifuniko, anapuliza maua asubuhi nyuki wakiwa kazini, na mchicha uko hatua tatu kutoka hapo.

Halafu watu haohao wananiuliza mbona parachichi limechanua sana na matunda hayaonekani. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha dume, na chavua lazima ibebwe na wadudu. Mkiwamaliza mtaa mzima, mbolea haitawasaidia.

Kabla ya kununua dawa yoyote, soma lebo na uangalie kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ofisi zao ziko Ngaramtoni, Arusha. Chupa isiyo na lebo usiipokee hata kama ni bure. Na mwambie fundi wako, kabla hajaondoka, kwamba bomba halioshwi kwenye mfereji. Nyingi za dawa hizo huua samaki na viluwiluwi vya vyura kwa kiasi kidogo sana, na maji hayo kuna watu huko chini wanayachota.