Mwanangu, kabla hujatoa pesa ya ile nyumba ya Kiuyu

Assalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na zile picha nimeziona zote, mjukuu alinifungulia moja moja. Umeniuliza, mama, hii nyumba ya Kiuyu huku Pemba itatufaa mimi na mke wangu tukistaafu, na niangalie nini kabla sijatoa pesa. Suali lako nimekaa nalo siku kadhaa mana sikutaka nikujibu kwa furaha tu ya kukupata karibu, furaha ipo tena kubwa wallahi, ila nataka ukija uje utulie, sio baada ya miaka miwili uanze kutafuta wa kumuuzia.

Kwenye picha nimeona bahari, nimeona minazi, nimeona baraza nzuri. Njia ya kufikia nyumba sijaiona. Wewe sasa una 54, mwakani ukitaka kustaafu kwa hiari ruhusa unayo, ya lazima ni 60, kwaio hiyo nyumba unaiangalia kwa miguu ya mtu anaeshuka boti Mkoani na begi lake mkononi. Mie nataka uiangalie kwa miguu yangu. Magoti yangu unayajua, na yanayonihangaisha mie leo ndo yatakayokuhangaisha weye ukifika umri huu, na bahari haimo.

Anza na maji. Kiuyu na upande ule wote wa Micheweni ni ardhi ya mawe, sio kama huku kwetu Mtambile kwenye udongo mwekundu. Kule udongo ni kidogo tu juu ya jiwe, mihogo na mtama inatoka lakini bustani ya migomba unayoniambia usiitegemee. Mvua ikinyesha maji hayakai, yanapita kwenye nyufa za jiwe yanashuka chini mpaka yanakutana na ya bahari, na kisima kikiwa karibu na pwani au kikivutwa sana chumvi inapanda. Sasa dalali atakupeleka baada ya masika, visima vimejaa, uonje useme matamu. Usikubali. Nenda mwisho wa kaskazi, Februari au mwanzo wa Machi, tena uchague siku za bamvua bahari ikiwa imejaa, uchote mwenyewe kwa ndoo. Nawa kwa sabuni, kama povu halitoki ushajua maji sio mazuri. Teleka chai uinywe. Kama kuna mfereji usimuulize mwanamme, muulize mwanamke maji yanatoka siku gani na saa ngapi, mana mwanamme atakwambia maji yapo, na anaeamka saa nane usiku kutega ndoo ni mkewe.

Na karo, lile shimo la choo, pia uangalie, la nyumba hiyo na la jirani, liko wapi na kisima kiko wapi, mana jiwe lile halichuji kitu, uchafu unashuka na nyufa zile zile. Kipindupindu Pemba tunakijua, mie nimewauguza watu wake kwa mikono yangu.

Ukiwa hapo hapo inama uangalie ukuta chini karibu na ardhi. Kama plasta inabanduka na kutoa unga mweupe, na nondo zimeanza kutoa kutu mpaka zege linapasuka, kuna chumvi, mara nyingi ni mchanga wa pwani uliojengewa. Rangi mpya isikuhadae, hasa ikiwa imepakwa chini tu.

Hospitali sasa. Hapa nasema kama mtu aliefanya kazi wodini sio kama mama yako tu. Wewe una presha, mkwe wangu ana sukari, hayo maradhi sio ya kwenda hospitali mara moja kwa mwaka, ni ya kila mwezi kupimwa na kuchukua dawa. Micheweni hospitali ipo, Wete ipo, Chake ipo, na Abdalla Mzee ya Mkoani tangu ilipojengwa upya na Wachina ikafunguliwa 2016 imetusaidia sana sisi wa kusini, lakini yanayoshindikana Pemba yanapelekwa Mnazi Mmoja, na kati yetu na Unguja kuna bahari, na kusi likivuma miezi ya sita na ya saba unajua mwenyewe mkondo unavokua, na ndege hairuki usiku kwa ajili yako. Kwaio uliza haya: usiku wa manane nikizidiwa nani ana gari hapa, yuko umbali gani, anachukua shilingi ngapi, njia inapitika mvua ikinyesha? Usiridhike na jibu la "tutasaidiana". Wanasaidiana kweli, hawana baya, lakini nimewapokea wagonjwa waliobebwa kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani ndo wakapata gari, na kiharusi hakikungojei. Tena pita kituo cha afya asubuhi ukae na wazee kwenye foleni, waulize dawa ya presha mara ya mwisho waliikosa lini. Utapata ukweli kuliko kwa daktari.

Kuna jambo jengine ulifanye. Unakumbuka 2016 ilipoanza pensheni jamii, sisi tuliofika 70 kupewa elfu 20 kwa mwezi, siku ya malipo utawaona wazee wote wa shehia wamekusanyika. Siku kama ile, au Ijumaa baada ya swala, simama tu utazame wazee wanakujaje. Nani kaletwa na mjukuu kwenye boda, nani kaja na fimbo peke yake jua kali, nani hakuja kabisa na hakuna anaemuulizia. Hivo ndo utakavoishi na weye.

Karatasi, hapa uwe mkali hata kama muuzaji mnaswali safu moja. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali, sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 inasema hivo, unachonunua ni haki ya kuitumia na kilichopo juu yake, na uhaulishaji, yaani kuhamisha umiliki, lazima upite serikalini. Karatasi mlioandikiana mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, na mashahidi wawili haitoshi, sheha anashuhudia tu. Uliza kama ni ardhi ya eka, zile eka tatu tatu walizopewa watu baada ya Mapinduzi, hizo mtu kapewa atumie na watoto wake warithi, haziuzwi kienyeji. Uliza kama ni wakfu. Uliza minazi ile ya nani, mana huku unajua mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, ukanunua kiwanja asubuhi na jioni ukamkuta mtu yuko juu ya mnazi anaangua nazi na ana haki yake. Na Micheweni pia kuna lile eneo huru la uchumi lililotengwa tangu 1992, hakikisha kiwanja hakimo ndani yake wala kwenye maeneo yanayogaiwa wawekezaji wa mahoteli, leo unaona bahari barazani kesho unaona ukuta.

Lakini kinachowaponza watu zaidi ni mirathi. Nyumba nyingi za Pemba zinazouzwa mwenyewe kashakufa. Babu kafa kaacha watoto saba, mmoja ndo yupo kijijini na ndo anauza, wawili wako Muscat, mmoja Tanga, mmoja Mombasa, wengine wamekufa wameacha watoto ambao hata hawajulikani idadi. Unalipa, unajenga ukuta, unaweka tangi, mwaka wa tatu anakuja kijana hujawahi kumuona na paspoti yake anasema hii nyumba ya bibi yangu na mie sijatia saini. Na atakuwa anasema kweli! Haki ya mtoto wa mtu usiinunue mwanangu hata kwa bei rahisi. Kama mirathi haijagaiwa kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na warithi wote hawajaridhia kwa maandishi, ondoka.

Umeme sina shida nao sana, tangu waya wa chini ya bahari ulipoletwa kutoka Tanga 2010 tumepumua, zamani ilikuwa majenereta ya Wesha na kiza. Angalia tu kama nyumba ina mita ya tukuza, ile ya kulipia umeme kabla, yake mwenyewe au imevuta kwa jirani.

Halafu mkeo. Hujaniandikia yeye anasemaje, umeandika "tumeipenda" na mie namjua, akikuona umefurahi hasemi kitu. Wewe ukifika kijijini siku ya pili ushapata watu wa barazani na msikitini. Yeye mtu wa Dar, kazi yake yote kafanya ofisini, kule atakuwa mgeni, na mwanamke kijijini asipokuwa na wenziwe wa kwenda nao shughulini na kwenye misiba anaozea ndani. Mlete mkae, sio wikiendi. Kodini chumba, kaeni hata masika moja, njia zikiwa matope na nguo hazikauki na wageni hakuna, na yeye ndo aseme mwanzo kabla yako.

Mie kwa upande wangu nikwambie wazi, Kiuyu singenunua. Watu wake wazuri sana na samaki wa Tumbe wako karibu, lakini kwa maradhi mliyonayo mko mbali na maji sina imani nayo. Ningetafuta barabara kuu ya Chake na Mkoani, au upande wa Pandani karibu na Wete, pahala penye udongo na hospitali mtu anafika kabla hajakata roho. Ila huku kwetu nako ni vilima, nyumba zinakaa juu na maji yako bondeni, na njia zetu masika zinateleza mpaka mie mwenyewe sitoki, kwaio hata huku utafute ya tambarare, karibu na lami, na mlango usiwe na ngazi nyingi.

Pesa bado usitoe, hata ya "kushikia" usitoe, dalali akikwambia kuna mnunuzi mwengine mwambie amuuzie. Nitumie jina la shehia, jina la muuzaji na la baba yake, na namba ya kiwanja kama ipo, mjomba wako Jumatatu anakwenda Chake atapita kwenye ofisi ya ardhi aulize. Na hiyo kopi ya hati aliyokupa ipige picha vizuri kwenye mwanga, ile ya mwanzo haisomeki.

Wasalimie watoto, na mkwe wangu mwambie anipigie yeye mwenyewe.

Mama yako,
Mtambile