Zika paipu, usizike waya

Mwambie fundi asije Jumamosi. Mpigie sasa hivi, kabla hujasoma zaidi, maana nawajua mafundi wetu: akishashika tindo, mazungumzo yamekwisha.

Umeandika kwamba kompyuta itakaa chumba cha chini chenye AC, wewe utakuwa juu kwenye chumba cha darini, na njia ya waya ni kama mita 18. Ushanunua HDMI ya faiba, yaani waya wa kupeleka picha kwenye monita kwa nyuzi za kioo, ya mita 20, na fundi atachimba ukuta, aulaze waya, apige plasta juu yake siku hiyo hiyo. Halafu ukauliza habari za USB ya kipanya na kibodi, kamera, sauti, na kama kuna njia isiyo na waya. Hayo tutafika. Au tusifike. Mimi nimekwama hapo kwenye "aulaze, apige plasta", na nilipopasoma nilisikia vumbi puani.

Kwangu Tudor, hapa Mombasa, ilikuwa hivyo hivyo. Joto la kaskazi, feni za kompyuta zinanguruma kutwa, nikaona niipeleke chini, juu nibaki na monita na kibodi peke yake. Nikaenda mjini, nikanunua waya wa faiba. Nikamuuliza muuzaji swali moja tu: kuna cha kuangalia wakati wa kuuweka? Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Weka tu, hauna kichwa wala mkia. Hii ni dijitali, ikifika imefika."

Yakhe, una kichwa na una mkia!

Ndani ya waya ule picha haibebwi na shaba. Mna nyuzi nne nyembamba za kioo. Kichwa cha upande wa kompyuta kina vijitaa vya leza vinavyougeuza umeme kuwa mwanga, na kichwa cha upande wa monita kina vipokezi vinavyougeuza mwanga kuwa umeme tena. Vijitaa havipokei, na vipokezi haviwaki. Ndiyo sababu kichwa kimoja kimeandikwa SOURCE, hicho ni cha kompyuta, na kingine DISPLAY, hicho ni cha monita. Maandishi yenyewe ni madogo, yamechongwa kwenye plastiki nyeusi, huyaoni mpaka uelekeze taa ya simu.

Fundi wangu, Mungu amlipe kwa nia yake, alivifunga vichwa vyote viwili kwa tepu nyeusi ili saruji isiingie. Wazo zuri kabisa. Maandishi yakapotea chini ya tepu. Akaanza kulaza waya kutoka juu, kwa sababu boksi lilikuwa juu, na akatanguliza ncha iliyotoka kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nashika tochi, najiona mhandisi mshauri.

Plasta ikapigwa, ikakauka, ikaja rangi. Nikachomeka. Monita ikaniambia hakuna ishara. Nikabadilisha mipangilio, nikajaribu kompyuta ya mpwa wangu, nikailaumu kadi ya picha, na kidogo ninunue mpya. Muuzaji nilipompigia akasema kompyuta yangu ni ya zamani. Kompyuta ambayo ikikaa mita mbili kutoka kwenye monita hiyo hiyo, kwa waya wa kawaida, inatoa picha safi! Siku moja nimekaa chini nabandua gundi ya tepu kwa ukucha, kwa hasira tu, herufi zikajitokeza moja moja: D, I, S, P. Kwenye upande wa kompyuta.

Mke wangu akauliza, kwa upole ule unaouma kuliko matusi, kwa nini nisiipandishe kompyuta juu na monita niishushe chini. Kitaalamu hilo lilikuwa jibu sahihi. Waya ungefanya kazi siku hiyo hiyo, na mimi ningebaki juu kwenye joto na kelele, nikiitazama kompyuta isiyo na monita.

Fundi akagoma kurudi. Alisema, "Kazi yangu ilikuwa kuulaza, na umelala." Nikatafuta mwingine, akaja na grainda. Sasa nyinyi mnaoishi kwenye majengo mapya ya bloko huenda hamjui, lakini kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe, na vumbi lake ni laini mno. Liliingia kwenye mapazia, kwenye kabati iliyofungwa, kwenye kanzu za Idi zilizokuwa ndani ya mifuko ya dobi. Na baada ya taabu yote hiyo, waya haukutoka mzima. Tindo iliubana mahali pamoja tu, na uzi wa kioo ukishavunjika huwezi kuufunga tepu ukaendelea. Kwa hiyo jumlisha mwenyewe: waya wa kwanza, waya wa pili, mafundi wawili, saruji, rangi. Rangi yenyewe haikufanana na ile ya mwanzo. Pale ngazini kuna mstari unaopanda ukuta mzima, wageni wakiniuliza kama ni ufa nawaambia ni usanifu wa Kiswahili.

Muuzaji? Alinionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Na hata angerudisha, ningempelekea nini, changarawe? Lakini linalonikera zaidi ni ile "ikifika imefika". Huo ni uongo unaouzwa mjini kila siku. HDMI ya kasi ya picha za 4K, zile kali zenye nukta nyingi, kwa mapigo 60 kwa sekunde inahitaji kupitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde. Waya wa shaba wa kawaida ukishavuka mita tano hivi kwa kasi hiyo, picha haikatiki mara moja. Huanza vinukta vyeupe vinavyomeremeta, kisha skrini inakuwa nyeusi kidogo na kurudi, nawe unadhani ni stima inayochezacheza. Kwa hiyo kununua faiba hukukosea hata kidogo kwa mita 18. Unakokosea ni ukutani.

Na wale wa video za mtandaoni nao wana dhambi yao. Unamwona mtu wa Marekani anakata ukuta kwa kisu cha karatasi, anatumbukiza waya, anaziba, anakunywa kahawa. Ukuta wake ni ubao wa jasi, ndani mtupu. Akitaka kubadilisha waya mwakani, anakata tena. Wetu ni jiwe hadi ndani. Kinachoingia mle bila paipu kimezikwa, na kwa kukitoa utahitaji grainda.

Basi shika hili moja, mengine yote unaweza kuyasahau: zika paipu, waya utapita ndani yake. Waya wowote utakufa siku moja. Ukiwa ndani ya paipu, unauvuta, unaingiza mwingine, plasta haijaguswa. HDMI yenyewe hubadilika. Ile ya 2.1 iliyotoka mwaka 2017 inafika gigabiti 48, waya wa leo huenda usiitoshe monita utakayoitamani miaka ijayo.

Lakini paipu si paipu yoyote. Fundi wa stima atakuja na zile za milimita 20 anazopitishia nyaya za taa, na atakuapia zinatosha. Kichwa cha HDMI na plastiki yake kina upana unaokaribia milimita 20, na tundu la ndani la paipu hiyo ni dogo kuliko namba yake. Hata ya 25 itakutoa jasho, kwa sababu kichwa ni cha pembe nne na hupita kwa ulalo wake. Chukua 32 kwenda juu, na kama ukuta una unene wa kutosha weka 40. Kwenye kona usikubali elbo kali. Taka beni ndefu, ile kona inayopinda taratibu, kwanza kichwa kipite, pili faiba isikunjwe ikavunjika. Njia ikiwa na kona nyingi, weka kiboksi cha kufunguka katikati. Ndani ya paipu acha mshipi mnene wa kuvulia, uupate hapo sokoni Marikiti au kwa wavuvi, ukae humo humo hata baada ya kumaliza, ndio utakaovutia waya wa kesho. Wakati wa kuvuta, fundo lifungwe kwenye mwili wa waya, si kwenye shingo ya kichwa. Na kichwa kinachoangalia juu kiwe DISPLAY, kwa mfano wako wewe. Andika kwa kalamu ya rangi juu ya tepu. Mimi sasa naandika hata kwenye waya wa pasi.

Nyaya za stima za volti 240 zisiingie paipu hiyo hata fundi aseme nafasi ipo. Zipitie njia yake. Ncha za paipu zizibe kwa sponji, kwa sababu mjusi kafiri anapenda sana mahali penye giza na hewa ya chumvi inapanda humo na kuweka kutu ya kijani kwenye pini.

Kabla ya paipu wala tindo, lakini, fungua boksi leo. Tandaza waya sakafuni, upande ngazi, uingie chini, uchomeke pande zote mbili, uweke kipimo cha picha kile kile utakachotumia, utazame filamu nzima. Watu wa nyumbani watajikwaa, waambie wavumilie. Ukifa sakafuni, umepoteza waya tu.

USB sasa, kwa haraka. USB 2.0 imewekewa mpaka wa mita tano kwa waya mmoja, na si ubahili wa watengenezaji: kompyuta ikiuliza, inasubiri jibu muda mfupi mno, na jibu likichelewa njiani inahesabu hakuna mtu. Kuunganisha nyaya za kurefusha tatu au nne kutakupa kipanya kinachokwenda na kamera inayoganda, maana zile volti 5 za umeme wa USB nazo zinapungua njiani. Nunua jozi ya visanduku vinavyopitisha USB kwenye waya wa mtandao wa Cat6, cha juu kiwe na adapta yake ya umeme, na boksi liseme USB 2.0 yenye megabiti 480, kwa sababu vya bei rahisi vingine ni vya kasi ya zamani na kamera itakulaani. Waya huo wa Cat6 uende moja kwa moja kutoka kisanduku hadi kisanduku. Usiupitishe kwenye swichi wala ruta ya intaneti, isipokuwa maelezo yake yaseme waziwazi inaruhusiwa. Na uvute miwili, mmoja wa akiba, kwenye paipu ile ile. Unaona ninavyorudi kwenye paipu.

Cat6 yenyewe, ukwangue uzi wake wa ndani kwa wembe dukani. Ikiwa nyekundu mpaka ndani, ni shaba. Ikitokea nyeupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, muachie mwenyewe.

Sauti inapita humo humo ndani ya HDMI, isikusumbue. Kuna swali jingine uliuliza, nimelisahau, na sipandi tena juu kulitafuta. Ukienda kununua paipu, nenda na ule waya wako kwenye mfuko. Wakikuambia ya 20 inatosha, toa kichwa cha HDMI ukiingize mbele yao.