Karatasi inasema usafi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea: je, aende Poland?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania. Nilikuja Belarus kusoma famasia, nikaolewa hukuhuku Hrodna. Mume wangu ni raia wa Belarus, fundi wa kuchomelea vyuma, ana razryad ya tano, yaani daraja la tano la ufundi. Dalali tuliyempata Telegram anasema amemtafutia kazi Poland, na baada ya miezi miwili atahamishiwa Ujerumani kwenye malipo mazuri. Anataka euro 600. Ametutumia faili la oświadczenie, yaani tamko la mwajiri, lakini mwajiri aliyeandikwa ni kampuni ya usafi, na kazi ni kusafisha ghala. Tulipouliza akajibu, "Hiyo ni ya kupatia viza tu." Pasipoti ya mume wangu imebakiza miezi 14. Je, hii ni halali? Kama si halali, aanzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mpe shemeji salamu, na mwambie euro 600 zibaki mfukoni kwanza.

Huenda karatasi hiyo ni ya kweli kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanaponasa. Wanauliza kama imeghushiwa, wanaambiwa imesajiliwa, wanapumua. Lakini karatasi halisi inaweza kumfanya mtu awe mfanyakazi haramu tangu siku ya kwanza, kwa sababu oświadczenie si ruhusa ya kwenda Poland kutafuta riziki. Ni tamko la mwajiri mmoja mbele ya ofisi ya kazi ya wilaya, ile inayoitwa powiatowy urząd pracy: mimi, kampuni fulani, nitampa mtu huyu kazi hii, kwa mshahara huu, kwa mkataba wa aina hii, kuanzia tarehe hii. Raia wa Belarus wamo katika orodha fupi ya nchi zinazoruhusiwa njia hii nyepesi, na tamko linaweza kudumu hadi miezi 24. Wepesi wake uko katika usajili. Haumpi mtu uhuru wa kufanya kazi popote. Akichomelea vyuma karakana ya mwingine huku tamko linasema anasafisha ghala, anafanya kazi bila kibali. Sheria mpya ya ajira za wageni, iliyoanza Juni 1, 2025, imepandisha faini ya mwajiri hadi zloti 50,000, na mfanyakazi mwenyewe naye anatozwa. Juu ya faini kuna amri ya kuondoka na marufuku ya kurudi, na hiyo ndiyo inayouma.

Kabla hata ya kufika huko kuna konsuli, kisha askari wa mpakani pale Terespol. Anauliza swali jepesi: unakwenda kufanya kazi gani? Fundi mwenye makovu ya cheche mikononi atajibu anakwenda kufagia? Akisema ukweli, viza imetolewa kwa sababu isiyo ya kweli na inaweza kufutwa palepale. Akisema uongo, amemdanganya ofisa wa serikali. Dalali yeye hayupo kwenye lile basi.

Sasa nije kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: miezi 14. Mimi ningeanzia hapo.

Septemba 4, 2023 Rais Lukashenko alisaini Amri Na. 278. Tangu hapo balozi za Belarus hazitoi wala hazibadilishi pasipoti. Raia aliyeko Warsaw, Vilnius au Berlin, pasipoti yake ikiisha muda, sharti arudi nyumbani kuifanya upya. Mtanzania huwa haelewi uzito wa hili, maana sisi tukikwama tunakwenda ubalozini. Mbelarus hana mlango huo. Kwa hiyo mipango yake yote ya kazi ya nje inapimwa kwa tarehe ya mwisho ya pasipoti.

Piga hesabu. Viza ya taifa ya Poland, aina ya D, hutolewa kwa mwaka mmoja usiozidi, na pasipoti lazima iendelee kuwa hai angalau miezi mitatu baada ya viza kwisha. Miezi 14 ukitoa mitatu ni 11. Toa miezi ya kusubiri miadi ya konsuli, ambayo kwa Wabelarus ni foleni ndefu inayouzwa mitaani kama tiketi za mpira, na amebaki na miezi minane au tisa ya kazi. Kisha arudi. Ombi la kibali cha ukaazi, karta pobytu, linaweza kukaa ofisini kwa mkuu wa mkoa miezi mingi, na yeye hatakuwa na pasipoti ya kulisubiria.

Ndiyo maana hatua yake ya kwanza aichukulie Hrodna kwenyewe, ofisi ya uraia na uhamiaji. Tangu Septemba 2021 Belarus inatoa pasipoti ya kibayometriki pamoja na kitambulisho cha kadi. Aulize utaratibu wa kubadilisha sasa, kabla ya ile ya zamani kuisha. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10. Atakayetoka na kitabu cha miaka 10 na atakayetoka na cha miezi 14 wanakwenda nchi mbili tofauti, hata kama wamepanda basi moja.

(Hayo ni kwa mtu anayeweza kurudi nyumbani bila hofu. Kama shemeji alihusika na maandamano ya 2020 dhidi ya Lukashenko, au ana sababu yoyote ya kuogopa kuhojiwa, usifuate mpangilio huu. Kuna viza ya kibinadamu ya Poland ambayo mwenye nayo hufanya kazi bila kibali cha ziada, na kuna hati ya kusafiria ambayo Poland humpa mgeni asiyeweza kupata pasipoti ya kwao. Habari hizo usiniandikie kwenye simu mnayovuka nayo mpaka, kwa sababu simu hukaguliwa.)

Hiyo ahadi ya Ujerumani nayo nitaisema bila kuzunguka. Viza ya kazi ya Poland haimpi mtu haki ya kuajiriwa Ujerumani. Inamruhusu kutembelea nchi za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, kama mgeni. Ipo njia halali ya kampuni ya Poland kumpeleka mfanyakazi wake Ujerumani kwa kazi ya muda: anakuwa tayari ameajiriwa kisheria Poland, anachukua viza iitwayo Vander Elst ubalozi wa Ujerumani, na mwajiri anamwombea cheti cha A1, kinachothibitisha kuwa michango yake inalipwa Poland, kutoka ZUS, shirika la hifadhi ya jamii la huko. Kwa hiyo muulize dalali maneno matatu tu: Vander Elst, A1, ZUS. Nimewahi kuwasindikiza vijana wawili kwa mwanasheria baada ya kukamatwa kwenye ujenzi upande wa pili wa mto Oder, yaani Ujerumani. Kampuni yao ilikuwa imewaambia A1 "inakuja". Haikuwahi kuombwa.

Kuhusu euro 600, kuna mambo mawili. Kwa sheria ya Belarus, anayewatafutia watu kazi nje kama biashara anatakiwa awe na leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na wizara hutangaza orodha ya wenye leseni. Dalali wa Telegram yumo? Upande wa Poland, wakala wa ajira lazima awe kwenye rejista iitwayo KRAZ, ambayo mtu yeyote anaitazama bure mtandaoni, na haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi kwa kumpatia kazi. Anaweza kurudishiwa gharama halisi kama nauli, viza, vipimo vya afya na tafsiri, zikiwa zimeandikwa kwenye mkataba. Ada ya kusajili oświadczenie ni ya mwajiri, na haifiki euro 100. Sasa 600 ni za nini?

Njia halali kwa fundi kama yeye ni fupi kuliko watu wanavyodhani, ila inaanzia kwenye chuma. Razryad ya tano ni sifa nzuri Belarus, lakini karakana ya Gdańsk au Katowice haiisomi. Wao wanataka cheti cha EN ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kupima mafundi wa kuchomelea, kilichotolewa kwa njia mahususi ya kuchomelea: 111 kwa elektrodi ya kawaida, 135 kwa MAG, 141 kwa TIG, na kwa unene na mkao mahususi. Cheti hicho hakipatikani kwa maneno. Anachomelea sampuli mbele ya mkaguzi, sampuli inakatwa au inapigwa picha ya eksirei. Waajiri wengi wa Poland hufanya mtihani huo siku ya kwanza na kulipia cheti wenyewe wakiona mkono ni mzuri. Kwa hiyo anapozungumza nao, asiseme tu "mimi ni welda wa razryad ya tano". Aseme: nachomelea 135 na 141, bati la milimita kadhaa, mabomba ya kipenyo hiki, na nasoma michoro. Sentensi hiyo humfanya mwenye karakana aache kikombe chake cha chai. Apige na video fupi ya mshono wake wa kwanza kabisa, ule wa ndani, kabla haujafunikwa.

Akishampata mwajiri, mwajiri huyohuyo ndiye aandike tamko, na jina lake liwe lilelile kwenye tamko, kwenye mkataba na kwenye hati ya mshahara. Kama ni wakala wa kazi za muda, basi kampuni atakakofanyia kazi nayo itajwe. Kampuni ya kawaida inayokodisha watu kwa kampuni nyingine bila kuwa wakala aliyesajiliwa, sheria ya 2025 imeikazia. Jina la kampuni alitafute kwenye KRS, rejista ya kampuni, au CEIDG kama ni mfanyabiashara binafsi. Kampuni iliyofunguliwa mwezi uliopita ikiwa na biashara arobaini tofauti, ya usafi, ya ujenzi, ya kuuza maua, aiache.

Mkataba wausome kabla hajapanda basi, kwa lugha anayoielewa. Mwajiri ana wajibu wa kuutafsiri. Uandikwe umowa o pracę, ambao ni ajira kamili yenye likizo, au umowa zlecenie, ambao una ulinzi mdogo lakini ni halali. Ule wa umowa o dzieło, wa kulipwa kwa kitu kimoja kilichokamilika, kwa fundi wa zamu aukatae. Mshahara waulizie kabla ya makato, yaani brutto: kima cha chini Poland mwaka 2026 ni zloti 4,806 kwa mwezi, na zloti 31.40 kwa saa kwa wenye zlecenie. Fundi wa kuchomelea anayepewa kima cha chini anadhulumiwa, hata kama kila karatasi imenyooka. Makato ya kitanda hosteli nayo yaandikwe kwa tarakimu.

Wiki mbili baada ya kuanza, aende ofisi ya ZUS na pasipoti yake aulize kama amesajiliwa. Mwajiri ana siku 7 za kumsajili. Kama hayumo, hana bima ya afya, na cheche ikiingia jichoni atalipa mwenyewe. Malalamiko hupelekwa kwa wakaguzi wa kazi, Państwowa Inspekcja Pracy, bila malipo.

Sasa swali langu kwako, kwa kuwa mko Hrodna, ambako kuna Wapoland wengi wa asili: bibi au babu yake alikuwa Mpolandi? Mzazi mmoja, babu au bibi mmoja, au wawili kati ya wazazi wa babu na bibi zake, wanatosha kuombea Karta Polaka, kadi ya watu wenye asili ya Kipolandi, ikiwa anazungumza Kipolandi cha msingi na anazijua mila zao. Mwenye kadi hiyo haguswi na habari za oświadczenie. Anaajiriwa popote Poland kama mwenyeji. Nimeona watu wakihangaika na madalali miaka mitatu ilhali cheti cha ubatizo cha bibi kiko kwenye sanduku chini ya kitanda.

Nchi nyingine kwa ufupi. Urusi hahitaji kibali chochote. Mkataba wa Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ulioanza 2015, umempa haki hiyo, na Kazakhstan vilevile. Lithuania na Estonia zimewabana sana Wabelarus tangu 2022 na 2023, na Jamhuri ya Czech imefunga maombi ya viza isipokuwa kwa makundi machache. Ujerumani ya moja kwa moja inawezekana, lakini mara nyingi vyeti vyake vya ufundi vinahitaji kutambuliwa kwanza, na Kijerumani aanze leo. Programu ya viza ya Poland Business Harbour, iliyolenga wataalamu wa teknolojia, mtakayoisikia kwa majirani ilisimamishwa Januari 2024, na yeyote anayeiuza sasa ni tapeli.

Kabla hajaondoka, hati ya uwakala aandike hapohapo nyumbani kama kuna gari au nyumba mtakayotaka kuuza baadaye. Amri ileile ya 2023 imezuia kuifanyia nje. Na akishaanza kazi akutumie nakala ya mkataba uipeleke manispaa, la sivyo wanaweza kuliweka jina lake kwenye orodha ya wasio na ajira, na bili ya maji ya moto na gesi ikaja kwa bei kamili, bila ruzuku ya serikali.

Kwa upande wako: tamko lake halikuhusu wewe, na Tanzania haimo kwenye ile orodha fupi, kwa hiyo wewe utahitaji kibali kamili cha kazi au ukaazi wa familia, kutegemea yeye ataishia na hadhi gani. Akishabadilisha pasipoti, niandikie tena, uniambie na shahada yako ya famasia uliisomea chuo gani na kwa lugha ipi.