Siku ya mapumziko mkiwa Málaga, mi nasema Córdoba

Mkuu umeuliza mkiwa Málaga, kusini mwa Hispania, wiki nzima mnapiga baiskeli, ile siku ya kupumzisha miguu muende Granada au Ronda. Mi ningeenda Córdoba kabisa. Treni ya kasi inatoka stesheni ya María Zambrano na ni kama saa moja tu, hamna kuendesha gari, mkifika mnatembea mdogo mdogo mpaka Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa 785, nguzo zaidi ya 800, halafu humo humo katikati wakaja kujenga kanisa karne ya 16, aisee ukiingia unanyamaza mwenyewe. Granada ni nzuri mno ila tiketi za Alhambra, ile ngome ya kale ya wafalme, zinaisha mapema na kuingia majumba ya Nasrid yaliyo humo ndani unapangiwa saa, ukichelewa imekula kwako, alafu kule ni kupanda kupanda tu sasa miguu itapumzika saa ngapi? Ronda daraja lake ni balaa, lakini njia kona kona. Kama ni Julai au Agosti tokeni alfajiri, Córdoba joto linafika 40 na kuzidi. Na treni kateni tiketi mapema, bei hupanda.