Mume anangoja bei ishuke, mimi nyumba nimeshaiona

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nimeolewa, watoto wawili. Tumepanga Tabata, kodi 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Tuna akiba ya milioni 38, iko kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye nisiyechezea hela. Nimeona nyumba Kivule: vyumba vitatu, imepauliwa, madirisha yana nondo, ukuta wa nyuma umepakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno, ndani bado sakafu na choo. Wanataka milioni 45. Baba watoto hataki kusikia. Anasema tungoje bei zishuke kama zilivyoshuka serikali ilipohamia Dodoma, mjomba wake akaokota nyumba Mbezi Beach. Huu mwaka wa sita tunangoja. Hajui kwamba nina milioni 9 kwenye kikoba. Kaka yangu anasema ninunue kimyakimya kwa jina lake, mume aje kujua tukishahamia. Dalali ananipigia kila siku, eti kuna mtu wa Mwanza analeta hela Jumatatu. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba mwanangu.

Huyo mtu wa Mwanza namfahamu. Tangu nianze kutafuta viwanja katika jiji hili, hakuna nyumba niliyowahi kuonyeshwa ambayo yeye hakuwa analeta hela yake Jumatatu. Mwache aendelee na safari.

Baba watoto si mjinga, nianzie hapo, maana barua yako imemwandika kama mtu aliyelala. Anachokisema kilitokea. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na huku matumizi yamebanwa kila kona. Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach kukajaa mabango ya nyumba inapangishwa, nyumba inauzwa. Watu waliozoea kupokea kodi kwa dola wakaanza kuwapigia madalali wenyewe. Mjomba mwenye hela mkononi wakati ule aliokota kweli.

Ila aliokota nini? Nyumba kubwa ya mtu aliyekuwa anategemea mpangaji wa ubalozini au bosi wa wizara. Mpangaji akiondoka, nyumba ile ni mlinzi wa kulipwa na bustani ya kumwagilia. Kivule hakuna mpangaji wa dola wa kuondoka. Mwenye nyumba ya Kivule aliijenga tofali kwa tofali, hana mkopo wa benki unaomkimbiza, na asipopata bei yake anaifunga kwa kufuli, anampa shemeji yake akae humo huku akisubiri. Mitaa ya watu kama wewe na mimi bei haishuki kwa tangazo la serikali. Anayeshuka ni muuzaji mmoja mmoja, siku shida imembisha hodi: ada za Januari, mgonjwa, mirathi ambayo ndugu wanataka kugawana upesi. Kwa hiyo mumeo anangoja mvua ambayo hainyeshi upande wenu.

Nami nilingoja, sikuchambi. Mwaka 2011 nilionyeshwa kiwanja Kibada, Kigamboni, kwa milioni nne. Nikasema ngoja kwanza nione hilo daraja wanalolisema. Daraja likafunguliwa Aprili 2016. Nilipompigia yule mzee mwenye kiwanja, alinisikiliza kwa adabu zote, akauliza "Wewe ni yule mama wa milioni nne?" akacheka, akakata simu.

Sasa hesabu. Miaka sita ya kodi ya 350,000 ni milioni 25 na laki mbili. Ukimtupia baba watoto namba hiyo atakujibu kwamba kodi si hela ya bure, mmelala ndani, watoto wako karibu na shule, wewe unafika Kariakoo kwa daladala moja. Naye atakuwa sahihi. Kungoja peke yake si kosa. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, za miaka 20 zilizotolewa mara tu riba ilipopunguzwa mwaka 2022, zilikuwa na riba ya asilimia 12.10 kwa mwaka. Milioni 38 humo ingewaletea kama milioni nne na nusu kila mwaka, zaidi ya kodi yenu yote. Mwenye nyumba wa Tabata angekuwa analipwa na Benki Kuu! Lakini wewe unasema hela "iko kwenye akaunti". Imekaa tu. Anayengoja bei ishuke huku hela yake imelala, na kila mwaka saruji na mabati vinapanda, huyo hana mpango, ana hofu. Na hofu ya mwanamume kwenye hela ya miaka yote ya kazi sio ya kudharau. Ulishamwuliza anaogopa nini hasa? Dar hii imefundisha watu. Wa Jangwani waliwekewa alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani mwaka 2015, wa Kimara 2017 walipopisha barabara ya Morogoro, na wengine walikuwa wamekaa humo miaka na miaka.

Kuhusu kaka yako nitasema kwa ukali kidogo. Hapana. Nyumba ikiandikwa jina lake ni yake. Akifa kesho, wifi yako na watoto wake ndio warithi, na wewe utakwenda mahakamani kueleza kwamba ulimficha mumeo ukamwamini kaka, huku mumeo amekaa benchi la nyuma anasikiliza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, na mke vilevile bila ridhaa ya mume. Ukiipitisha nyumba kwa jina la kaka umeuvua mwenyewe ule mwavuli. Tena sheria hiyohiyo ikague kwa anayekuuzia: mkewe yuko wapi? Umemwona? Amekubali? Nyumba ngapi zimerudi mahakamani kwa sababu mke alikuwa kijijini siku mume anahesabu hela!

Usije pia ukashawishika na mkopo wa benki ili kujazia finishingi. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 17, miaka 15, utarudisha zaidi ya milioni 55. Na benki yenyewe itakuuliza hati, ambayo ndiyo nilikuwa naitafuta kwenye barua yako sikuiona. Umeniandikia nondo za madirisha, hukuniandikia karatasi. Eneo limepimwa? Lina namba ya kiwanja na kitalu, au liko kwenye urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila mpango yanapimwa na kutambuliwa, au ni karatasi tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa? Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kwamba huyu anaishi hapa, lakini muhuri wake si hati. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na hiyo namba, ulizia kama kuna barabara au eneo la wazi limechorwa juu ya hiyo nyumba. Wakili wa kuandika mkataba mtafute mwenyewe, usikubali wa kuletewa na dalali.

Halafu kuna ile rangi, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu kwa ajili ya ile rangi. Mtu ambaye hajamwaga sakafu, hajaweka choo, anapata wapi hamu ya kupaka rangi ukuta wa nyuma, tena mpaka kiunoni tu? Watu hupaka rangi mbele, wageni wanapoona. Anayepaka nyuma, nusu ukuta, mara nyingi anafuta mstari ulioachwa na maji ya mafuriko. Pitisha kiganja pale chini uone kama lipu inamomonyoka kama biskuti. Usimwulize dalali. Nenda kwa jirani wa nyuma, nunua maandazi yake kama anauza, muulize mwaka jana masika walitoka na nini kichwani.

Ikiwa ni maji, milioni 45 ni wizi na mumeo amekuokoa bila kujua. Ikiwa ni chumvi ya ukutani tu na karatasi ziko sawa, mpelekeeni muuzaji milioni 38 taslimu, wewe na baba watoto mkiwa pamoja, mwonyeshe sakafu na choo anavyowaachia, mnyamaze mngoje ajibu.

Lakini kabla ya hapo kuna ile milioni 9. Mwambie. Chagua Jumapili jioni watoto wakiwa nje, weka kitabu cha kikoba mezani, sema umeiweka miaka mingapi na kwa nini ulificha. Atakasirika. Ana haki, usimjibu siku hiyo wala usimkumbushe mjomba wala Mbezi Beach. Siku ya tatu mwombe jambo moja tu, msindikizane Kivule mvua kubwa ikinyesha, mmevaa mabuti, msimame nyuma ya ule ukuta.

Dalali akipiga, mwambie utamrudia mawingu yakitanda.