Kesi ya video ikibisha hodi, logi za seva ndizo zinazoitwa kwanza

Viacom, kampuni ya Marekani ya filamu na televisheni, ilipowashtaki YouTube na Google mjini New York, Machi 2007, ikidai zaidi ya dola bilioni 1, hakuna mtazamaji aliyekuwa mshtakiwa. Hata hivyo tarehe 1 Julai 2008 Jaji Louis Stanton aliamuru Google ikabidhi logi zote za utazamaji, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia yenyewe: jina la akaunti, anwani ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti), saa, na namba ya kila video iliyofunguliwa. Terabaiti 12. Google ilipojitetea kwa hoja ya faragha, jaji aliwarudishia maneno yao wenyewe, kwani walishaandika hadharani kwamba mara nyingi IP peke yake haimtambulishi mtu. Wiki mbili hivi baadaye mawakili walipatana kwamba majina na IP zibadilishwe kwa alama nyingine kabla ya kukabidhi. Kilichowaokoa watazamaji ni mapatano ya mawakili tu. Amri yenyewe haikuwakinga.

Kwa hiyo mwenye tovuti ya video awahi kabla kesi haijaja, maana kisichohifadhiwa hakiwezi kukabidhiwa.

Anza na seva. Kwenye Ubuntu, nginx (programu inayoendesha tovuti) huja na mpangilio wa kuzungusha logi, yaani kuanza faili jipya, kila siku na kubakiza mafaili 14. Fungua /etc/logrotate.d/nginx, tafuta "rotate 14", weka 7. Kwa tovuti ndogo wiki moja inatosha kuchunguza hitilafu nyingi. Kisha kata IP ndani ya log_format, mpangilio wa nginx unaoamua kinachoandikwa kwenye logi, kwa kutumia amri yake ya "map", ili 203.0.113.57 iandikwe 203.0.113.0, kwa IPv6, anwani ndefu za aina mpya, bakiza biti 48 za mwanzo. Hapa wengi hujikwaa: fail2ban, programu inayofungia anwani za wavamizi, husoma logi hizohizo, na ukishazikata itafungia anwani isiyo ya mvamizi. Iandikie logi yake yenye IP kamili, inayofutwa baada ya saa 24.

Hashi tupu, yaani kugeuza IP kuwa msimbo usiosomeka bila kuongeza siri yoyote, ni kujidanganya. IPv4 zote hazifiki bilioni 4.3, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitisha zote kwenye hashi ileile na kuzilinganisha na zako. Ukitaka kuhesabu wageni, changanya IP na neno la siri la nasibu linalobadilishwa kila siku, la jana lisihifadhiwe popote. Namba ya kudumu badala ya jina nayo haitoshi. Agosti 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitoa hadharani utafutaji wa watumiaji 650,000 hivi, majina yakiwa yameondolewa. Baada ya siku chache waandishi wa New York Times wakamtambua mmoja wao kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta. Orodha ya video anazotazama mtu haina tofauti kubwa na hiyo.

Kagua pia sehemu zinazosahaulika: nakala rudufu, kampuni inayosambaza video zako, na jedwali la maoni la WordPress (programu ya kujengea tovuti), ambalo huweka IP ya kila mchangiaji kwenye safu ya comment_author_IP na haliifuti lenyewe.

Sasa upande wa pili, ambao ni hatari zaidi. Siku unayopokea barua ya madai, acha kufuta. Simamisha logrotate, programu inayozungusha na kufuta logi, tenga nakala, mpigie wakili. Wenye TorrentSpy, tovuti ya kutafutia faili za torrent za kushirikishana, waliposhtakiwa na kampuni za filamu, mahakama ya California iliwaamuru mwaka 2007 waanze kutunza hata data iliyokuwa ikipita kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ingawa IP ziliruhusiwa kufichwa. Wakapoteza kesi bila hoja zao za hakimiliki kusikilizwa, kwa sababu waliharibu ushahidi. Mwaka 2008 hukumu ikawa karibu dola milioni 111. Sera ya kufuta kila siku 7 iliyoandikwa mapema inatetewa. Kufuta baada ya barua hakutetewi na yeyote.

Mwenye chaneli naye ana mtego wake. Ukipata straiki ya hakimiliki YouTube, yaani onyo rasmi baada ya video yako kuondolewa, iwe uko Mwanza au Mombasa, notisi ya kupinga inataka jina lako halisi, anwani na simu, na vyote hupelekwa kwa aliyekulalamikia. Pia unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Asipoonyesha kwamba amefungua kesi, video hurudi baada ya siku za kazi 10 hadi 14. Kama mlalamikaji ni mtu usiyetaka ajue unapolala, wakili anaruhusiwa kuituma kwa niaba yako. Na kama video yenyewe haina thamani kubwa, maliza lile somo la hakimiliki la YouTube na usubiri: straiki huisha baada ya siku 90, na anwani yako inabaki kwako.