Karata Moja Haijaja: Uweke Zote au Utupe?

Kijana mmoja wa Pangani ameniandikia juzi. Kwenye poka, alishika shupaza mbili, mezani zikafunguliwa karata tatu, mbili zikiwa shupaza, akawa anasubiri moja tu apate tano za aina moja. Karata ya nne ikaja haina msaada. Katikati pana chipu 10,000. Mpinzani akaweka 10,000, na kijana alikuwa amebakiwa na hizo hizo. Akalipa. Ya tano ikaja kopa, akainuka mezani. "Kaka, nimeonewa?"

Hukuonewa, mdogo wangu. Shupaza ziko 13, wewe umeziona nne, zimebaki 9 kati ya karata 46 usizozijua. Haifiki hata asilimia 20. Ulitoa 10,000 kufuata 20,000, kwa hiyo ilitakiwa ushinde walau mara moja katika tatu. Wewe unashinda mara moja katika tano.

Akanijibu haraka: "Mbona wewe Jumamosi uliweka zote na huna hata jozi?" Kumbe habari zimeshafika Pangani. Haya, tuiseme Jumamosi.

Tunacheza poka Raskazone, hapa Tanga, kwa rafiki yangu, chipu tupu bila pesa. Wa kwanza kutoka ananunua kahawa na kashata. Nilikuwa na kopa mbili, tisa na nane. Mzee mmoja, fundi wa arubastini, ule mchezo wetu wa karata, anayeheshimika Ngamiani nzima, alipandisha dau kabla ya karata za mezani, nikamfuata peke yangu. Zikafunguliwa saba ya kopa, mbili ya kopa na kumi ya shupaza. Katikati 5,500. Mzee akaweka 3,000. Mimi nina 13,000.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kopa 9 zinanipa tano za aina moja. Jeki au sita inanipa mfululizo wa karata tano, na ukiondoa zile za kopa nilizokwisha hesabu, zinabaki 6. Jumla 15, na karata mbili bado hazijaja: karibu asilimia 54. Mkono hauna jozi, lakini mwenye jozi ndiye aliyekuwa nyuma! Nikasukuma zote.

Mzee akalipa papo hapo, akafunua ree mbili nyeusi huku akicheka. Ya nne ikaja jeki ya uru. Mfululizo. Ya tano hata sikuitazama. Mzee akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, eti bahati ya mtende. Limeniuma hilo neno, na bado linaniuma. Bahati ilikuwepo, nani atakataa, lakini angetupa karata zake ningezoa 8,500 palepale bila kuhitaji jeki wala kopa.

Na hapo ndipo wewe wa Pangani ulipotofautiana na mimi. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au karata ije. Anayelipa ana moja tu, karata ije. Mkono ule ule wa kusubiri, ukiwa wewe ndiye unayesukuma, una thamani usiyoipata ukiwa unafuata.

Wengi wetu Tanga tumelelewa na arubastini. Kule ukishagawiwa, karata zote unazicheza hadi ya mwisho, hakuna kutupa. Ndiyo maana poka inatutoa jasho: tunalipa ili tuone tu. Acheni hiyo tabia, jamani. Nasema kila siku, kabla hujagusa chipu jiulize karata ngapi zinakuokoa. Baada ya zile tatu za mezani, zidisha kwa nne. Ikishakuja ya nne, zidisha kwa mbili. Unapata asilimia ya kukadiria, nayo inatosha mezani, ingawa karata zikiwa nyingi kama zangu 15 inazidi kidogo: 60 badala ya 54. Kopa 9 peke yake ni kama 35 kwa karata mbili, siyo 54 yangu. Halafu mtazame mtu: anayependa kulipa kila kitu usimsukumie mkono mwembamba, hatatupa.

Chipu zikiwa nyingi kwenu wote wawili, kufuata dau dogo kunaweza kulipa baadaye, maana ukipata utamkamua zaidi. Wewe hukuwa na cha kumkamulia, zote zilishaingia.

Umeuliza pia kuhusu mfululizo wenye pengo katikati, mfano una tano, sita, nane na tisa unasubiri saba. Saba ziko nne tu. Kwa karata mbili ni asilimia 16 na ushee. Huo tupa, hata kama mzee wa watu anakucheka.